Chujio la Chumba cha Happy

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, saa kumi jioni, haijakata. Nimerudi kutoka shuleni viatu vimejaa maji. Nimechukua daftari moja la kidato cha pili lililokosa mwenyewe, nimeamua kuandika, maana mtu wa kuongea naye hapa ni mama mwenye nyumba wangu, na yeye akishamaliza habari za migomba anasinzia.

Nisije nikasahau mwenyewe: mimi ni Medard, mwalimu wa fizikia, mtu wa Muleba, na huu ni mwaka wa tatu tangu nipangiwe sekondari hapa Nkunga. Nimepanga vyumba viwili kwa Mama Rodrick, mjane wa miaka sitini na kitu. Anaishi na mjukuu wake, Happy, miaka minane, yuko darasa la tatu. Mama yake Happy alifariki mtoto hajatimiza miaka miwili. Baba yake ndiye huyo Rodrick, anafanya kazi Dar es Salaam na ameshaoa tena.

Happy ana pumu. Januari Rodrick alikuja na kiyoyozi kwenye boksi. Lazaro, anayefundisha Kiswahili, alicheka mpaka akatafuta kiti: Rungwe hii, ambako watu tunalala na mablanketi mawili, mtu anafunga kiyoyozi! Lakini hiki kina sehemu ya kupasha joto na sehemu ya kukausha hewa, na ndizo Rodrick alizozitaka. Ukuta wa chumba cha mtoto ulikuwa umeota ukungu mweusi kwa unyevu, na daktari alisema ukungu ule haumfai. Jotham, fundi friji wa Tukuyu mjini, akaja akakifunga juu ya kitanda ambacho Happy analala na bibi yake. Nakiri kwamba Februari yote mtoto alikohoa kidogo sana, na ukuta ulikauka.

Machi 4

Mvua.

Machi 8, Jumamosi

Mama Rodrick amekivisha kiyoyozi nguo.

Sitanii. Ni kitambaa cheupe cha kufuma, kina maua ya pinki pembeni, ndugu yake na kile cha televisheni na vile vya makochi. Kimefunika mashine kuanzia juu mpaka karibu na mdomo wa chini unaotoa hewa. Nilimuuliza kwa nini, akasema kitu cha thamani hakiachwi wazi kikaliwa na vumbi. Amekifuma wiki mbili. Nilikisifu, tena kwa moyo, kwa sababu kilipendeza. Mimi, mwenye shahada ya fizikia.

Machi 11

Mvua. Kidato cha nne wamefeli jaribio la shinikizo la hewa. Nilipowauliza wiki iliyopita kama wameelewa, darasa zima liliitikia ndiyo.

Machi 15, Jumamosi

Kikohozi kimerudi. Kilianza Jumatano, kidogo kidogo, sasa namsikia Happy kupitia ukutani wakati nasahihisha madaftari. Anakohoa, anavuta dawa yake ya kuvuta, ananyamaza, anaanza tena.

Rodrick amepiga simu jioni. Mama huweka spika kwa sababu sikio lake la simu si zuri, kwa hiyo yeyote aliye sebuleni anasikia. Aliuliza maendeleo, Mama akasema mtoto hajambo, na papo hapo mtoto akakohoa.

"Mama, nimefanya ninaloweza," Rodrick alisema. "Ikifika Pasaka bado anakohoa hivi, nakuja kumchukua. Atasoma huku."

Mama akaitikia sawa baba. Kisha akakaa kumenya ndizi za mbalaga, akamenya, akamenya, mpaka zikafika za watu kumi na sisi ni watatu. Nilimwonea huruma, lakini ndani yangu nilikuwa upande wa Rodrick. Huyu mama ni mtu mwema, ila mambo yake ni ya zamani mno. Bado anapikia kuni wakati mtungi wa gesi alionunuliwa umekaa stoo.

Machi 17

Mama Rodrick anaamini kiyoyozi ndicho kinachomletea mtoto baridi kifuani. Wanawake wa kwaya wamemwambia akizime. Nimemwambia asikizime. Tumenuniana kidogo.

Machi 22, Jumamosi

Leo kuna habari.

Asubuhi Happy aliamka na shuka limelowa, akalia akidhani watu watasema amekojoa. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kiyoyozi, tone baada ya tone, moja kwa moja kwenye mto. Nikampigia Jotham, akaja na pikipiki yake saa tano, amelowa chapachapa.

Jotham ni kijana wa maneno mengi na mikono safi. Alisimama mlangoni, akakitazama kile kitambaa, akanitazama mimi.

"Ticha, mashine mmeikaba koo," alisema.

Alikitoa kitambaa kwa adabu, akakikunja, akampa Mama kwa mikono miwili. Kisha akafungua kifuniko cha mbele, ambacho sikujua kwamba kinafunguka, akavuta vyandarua viwili vya plastiki, vyembamba, vya ukubwa wa ukurasa wa gazeti. Ndiyo filta, chujio. Kimoja kilikuwa hakionyeshi matundu hata moja. Kilifunikwa na blanketi la kijivu: nyuzi za mablanketi, nywele, unga, majivu, vumbi la miezi miwili la watu wawili na paka. Jotham alilichuna kwa kidole likatoka zima, mfano wa ngozi ya maziwa.

Alitueleza, na nitaandika hapa kwa sababu nilipaswa kujua na sikujua. Kwanza, kiyoyozi hiki hakileti hewa kutoka nje. Sote watatu tulikuwa tunaamini kinavuta hewa ya nje, eti kwa lile bomba linalotoboa ukuta. Kumbe bomba lile linapitisha gesi na maji tu. Hewa ni ile ile ya chumbani: inaingia kwa juu, inapita kwenye chujio, inapita kwenye mabati membamba yenye baridi au joto, inatoka kwa chini, inazunguka chumba, inarudi juu tena. Siku nzima hewa ile ile.

Chujio kazi yake ni kushika uchafu usiingie kwenye yale mabati wala usirudi kwa mtu. Lakini linashika, halili. Lisiposafishwa, uchafu unakuwa ukuta. Hewa haipiti, mashine inajitesa, inakula umeme, na ukiiweka kwenye kukausha, mabati yanaganda barafu kwa kukosa hewa ya kuyapitia. Barafu ikiyeyuka ndiyo hayo maji ya kwenye mto. Na chumba kinabaki na unyevu wake. Alituonyesha nyuma ya kabati: ukungu mweusi ulikuwa umerudi, na hatukuwa tumeuona.

Mama aliuliza swali moja tu, kama hewa ni hiyo hiyo yao, basi Happy amekuwa akivuta alichokipumua bibi yake. Jotham akasema ndiyo, Mama, na paka pia. Happy akacheka mpaka akakohoa.

Mwisho Jotham akatukumbusha kwamba siku ile ya Januari alisema chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili. Nilimtazama Mama, Mama akanitazama mimi. Alisema kweli. Mimi nilidhani amemwambia Mama, Mama alidhani amemwambia mwalimu. Sote tuliitikia.

Ameliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akalikung'uta, tukalianika barazani kwenye upepo kivulini. Jua kali linalipinda, alisema, na lisirudishwe likiwa na unyevu, litaota ukungu lenyewe na kumpulizia mtoto. Wala mashine isiwashwe bila chujio, vumbi litaingia ndani na huko kulitoa ni kazi ya fundi. Kwa bahati mvua ilikatika mchana, likakauka.

Machi 23

Nimebandika ratiba ukutani kwa Happy. Kila Jumamosi ya pili, kuosha chujio. Mhusika: Mwl. Medard. Mama alitaka kuliosha yeye, nikamwambia aniachie, hii ni kazi ya kitaalamu kidogo.

Machi 26

Jua saa mbili nzima. Watu wameanika kila kitu.

Machi 30, Jumapili

Happy amelala usiku tatu mfululizo bila kukohoa. Ameenda Sunday skuli, ameimba, amerudi anakimbia. Rodrick alipopiga, Mama alimpa mtoto simu aongee mwenyewe, akaongea mpaka salio likaisha upande wa pili. Mama amenipikia kande zenye maharage mabichi, akaniambia ndaga fijo, yaani asante sana, mwalimu. Nilijisikia vizuri sana, niseme ukweli. Nilijiona mtu muhimu katika nyumba hii.

Aprili 5, Jumamosi

Ratiba. Nimeosha chujio saa tatu asubuhi, nimelitundika barazani. Mvua. Saa kumi na mbili jioni bado linadondosha maji. Kiyoyozi kimezimwa.

Aprili 6

Mvua. Chujio bichi. Ukuta wa Happy umeanza kutoa jasho.

Aprili 7, Jumatatu

Mvua, ukungu, mvua. Barazani hata kitambaa cha kufutia ubao hakikauki. Nimelipapasa chujio asubuhi, bichi. Happy amekohoa mara mbili wakati wa chai, nikahesabu siku, maana Pasaka ni tarehe ishirini. Nikasema siwezi kukaa siku ya tatu.

Katika nyumba za huku, masika yakishika, kila kitu kinakaukia mahali pamoja: kwenye dari la mianzi juu ya mafiga, jikoni kwa nje. Mahindi, kuni, sare za shule, soksi zangu mwenyewe miaka mitatu sasa. Nimelaza chujio pale saa nane, kwa uangalifu, mbali na moto lisije likayeyuka. Jioni lilikuwa kavu kabisa. Nimelirudisha, nimewasha joto, chumba kikapendeza. Hii nitamsimulia Jotham.

Aprili 9, Jumatano

Happy yuko hospitali ya Igogwe, amelazwa. Anapumua.

Naandika kwa mpangilio, labda nitatulia. Jana alikohoa asubuhi na jioni. Tukasema ni mafua. Leo alirudi kutoka shuleni saa nane amelowa. Bibi yake akambadilisha, akamlaza, akafunga dirisha na mlango, akawasha joto kama nilivyomfundisha. Saa tisa na nusu niliingia getini nikamkuta Mama amesimama uani kwenye mvua, amembeba yule mtoto mkubwa mgongoni, hajui aende wapi.

Happy alikuwa anavuta hewa kwa mabega. Shingo inaingia ndani kila akivuta. Midomo imebadilika rangi. Dawa ya kuvuta walishaitumia, haikusaidia. Nilimuita kwa jina, akanitazama bila kuweza kujibu, na hapo niliogopa ambavyo sijawahi kuogopa maishani mwangu.

Jirani yetu Godwin ana pikapu ya kubebea ndizi. Alizishusha zote barabarani kwenye matope bila kuulizwa. Tulikaa mbele watatu, mtoto mapajani kwa bibi. Mama hakulia. Alikuwa anamhesabia pumzi kwa Kinyakyusa, moja, mbili, moja, mbili, na Happy alikuwa anajaribu kumfuata.

Walimpokea haraka. Wakamvalisha ile barakoa ya dawa ya mvuke, wakampa oksijeni, wakamchoma sindano. Saa kumi na moja mabega yalianza kushuka. Muuguzi alipokuwa anamfunika aliinama, akanusa nywele za mtoto, akauliza wapi anakaa na moshi. Mama akasema hakai jikoni, amemkataza tangu mwaka jana. Muuguzi akasema, mbona ananuka moshi mpaka kichwani?

Nilikuwa nimesimama mguuni pa kitanda. Nilijua saa ile ile.

Aprili 10, Alhamisi

Nimetoka shuleni mapema, nikaingia chumba cha Happy, nikafungua kifuniko, nikavuta chujio. Sikuhitaji kulisogeza puani. Nilipitisha kidole, kikatoka na weusi wa mafuta. Masizi ya dari lile yana miaka mingi kuliko mimi, na siku ile mafiga yalikuwa na moto mchana kutwa. Moshi uliganda kwenye kile chandarua, kisha nikakirudisha mahali ambapo hewa yote ya chumba inapita, nikawasha joto, nikafunga dirisha. Siku mbili mtoto amepuliziwa moshi na mashine iliyonunuliwa imkinge.

Daktari anasema pumu hailetwi na sababu moja, huenda kulikuwa na mafua pia, lakini moshi peke yake ungetosha.

Jioni, wodini, Rodrick alipiga. Spika. Aliongea kwa sauti ya chini na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema Mama bado anapika kuni na mtoto pembeni. Alisema aliuliza, akaambiwa muuguzi ameukuta moshi kwenye nywele za mwanawe. Alisema Jumamosi anakuja, Mama amwandalie mtoto nguo.

"Nimekosea, baba," Mama alisema. "Ni mimi."

Nilikuwa kwenye benchi hatua mbili kutoka pale. Nilifungua mdomo. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba maji, nikainuka nikampa maji.

Aprili 11

Sijasema. Happy anakula uji. Mimi ni mwoga.

Aprili 12, Jumamosi

Happy ameruhusiwa saa nne. Rodrick amefika saa sita, kutoka stendi ya Tukuyu kwa bodaboda, na begi kubwa jipya la magurudumu, tupu. Aliliweka juu ya kochi. Mama alikuwa ameshakunja nguo za Happy mezani, magauni upande huu, masweta upande huu. Happy alikaa kwenye mkeka akimchana paka, hamtazami mtu.

Nilitoka chumbani kwangu na chujio mkononi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, imepotea yote. Nilimwambia Rodrick anuse. Akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Nikamwambia nililiosha mimi, nikalikausha mimi kwenye dari la jikoni, nikalirudisha mimi, na mama yake hahusiki hata kidogo. Nikasema juzi nilimsikia akilaumiwa nikakaa kimya, na naomba radhi kwa yote mawili.

Rodrick alimgeukia mama yake, akamuuliza kama alikuwa anajua.

"Nilimwona akiliweka darini," Mama alisema. "Nilikuwa napepeta mchele mlangoni. Nikataka kumwambia, mwalimu, hapo patalinukisha. Kisha nikasema, huyu ndiye anayefundisha fizikia, anajua zaidi yangu."

Nilikaa chini. Nimesimama mbele ya madarasa miaka kumi na moja na sijawahi kuaibika vile. Huyu ndiye mama niliyemwandika humu kuwa ni mtu wa zamani. Alijua. Maneno matatu tu yangetosha, na mimi ndiye niliyemfanya aone hayana kazi, na ratiba yangu na kazi yangu ya kitaalamu.

Rodrick akamuuliza kwa nini basi alisema ni yeye. Mama akajibu bila kuinua macho kwenye nguo kwamba mtoto anakaa nyumbani kwake, na kinachoharibika nyumbani kwake ni cha kwake, awe amekiharibu nani.

Rodrick alitoka nje. Nilimfuata kwa macho dirishani: alikwenda jikoni, akasimama kwenye mvua mlangoni, anatazama juu, kwenye lile dari. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema sare zake zote za shule zilikauka pale, darasa la kwanza mpaka la saba, na darasani hakuna aliyewahi kumwambia ananuka kwa sababu wote walinuka. Kisha akasema atamwacha Happy mpaka shule zifungwe Juni. Gesi itoke stoo leo. Nguo za mtoto zisikanyage jikoni. Chujio lioshwe na Mama, si mtu mwingine. Na mwalimu atafute chumba kwingine.

Hilo la mwisho nililiona la haki, nikaitikia.

"Mwalimu hahami," Mama alisema.

Rodrick akasema Mama, ni afya ya mtoto. Mama akaweka sweta chini, akamtazama mwanawe usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Wewe kiyoyozi umekileta, ndaga. Nyumba aliijenga baba yako, na mpangaji ni wangu. Huyu amekosea, amesema. Mtu anayesema makosa yake mbele ya mtoto, nikimfukuza nitabaki na nani?"

Happy akauliza kama anaweza kurudisha magauni yake kabatini. Akaanza kuyabeba.

Mchana nilimfundisha Mama. Nilimwonyesha kifuniko, vishikizo, upande wa juu na wa chini, na nikaliosha chujio mara tatu mpaka maji yakatoka meupe na kidole kikatoka safi. Harufu haikuisha yote. Nimempigia Jotham, ataleta jozi mpya, hili nitalilipia mimi na sitaki kubishana na mtu. Tatizo likabaki la kukausha. Mama ndiye aliyelipata: kamba imefungwa chumbani kwangu, kutoka dirisha mpaka mlango, feni ya mezani inapuliza. Chujio litaning'inia juu ya kitanda changu, pamoja na sare za Happy na soksi zake, mpaka masika yaishe. Jozi mbili, alisema, moja ikiwa kazini nyingine inakauka bila haraka. Sikulifikiria hilo.

Aprili 13, Jumapili

Rodrick ameondoka na basi la asubuhi. Begi halikurudi tupu. Mama alilijaza ndizi na maparachichi mpaka zipu ikagoma, na Rodrick akalivuta kwenye matope magurudumu yakiwa hayana faida yoyote. Mimi hakuniaga vizuri. Alinipa mkono.

Jotham ameleta chujio jipya, nimemwachia Mama alipachike. Kalipachika sawasawa mara ya kwanza.

Jioni tulikula pamoja, wali wa kwanza wa gesi, ambao Mama anasema hauna ladha. Katikati ya chakula Happy akakohoa. Mimi na Mama tukaweka vijiko chini kwa pamoja. Akatutazama, mdomo umejaa, akasema amepaliwa na wali tu. Tukaendelea kula, tunamsikiliza anavyopumua mpaka akamaliza sahani yake.